Wakili Si Mpiga Ramli

Huku kwetu Uvidunda, kuanzia vijiji vya juu mlimani hadi Kidodi na Ruaha bondeni, na mpaka Mikumi penye barabara kuu, mtu akipatwa na kesi hufanya mambo matatu, tena kwa mpango ule ule. Kwanza hukaa kimya akitumaini kwamba jambo litakwisha lenyewe. Lisipokwisha, huuza mahindi au mbuzi. Kisha hupanda basi kwenda mjini kutafuta wakili mkali. Akimpata humwekea fedha mezani, humsimulia nusu ya habari, hufunga mdomo na kusubiri. Anasubiri wakili ayaone mwenyewe yale yaliyobaki, kama vile mpiga ramli anavyotazamiwa kuliona jina la mwizi katika ramli yake.

Naipinga tabia hiyo, na nitaipinga mpaka mwisho wa makala haya. Nimekaa na ndugu zangu wengi waliorudi kutoka mahakamani mikono mitupu. Wapo waliodhulumiwa kweli kweli, na hao nawalilia. Lakini wengi wao walianza kushindwa siku ile ya kwanza walipoingia ofisini kwa wakili bila karatasi, bila tarehe, na bila ukweli wote. Kesi ilikufa palepale kitini, mbele ya meza, kabla hakimu hajaiona. Baadaye ndipo tukaanza kusema kwamba hakimu alihongwa.

Watoto wetu shuleni hufundishwa habari za Mangungo wa Msovero, na Msovero ni hapa hapa wilayani Kilosa. Mwishoni mwa Novemba 1884 Mjerumani Carl Peters alimfikia na karatasi iliyoandikwa kwa Kijerumani, akaiita mkataba wa urafiki. Mkalimani alikuwa mtu wa msafara wa huyo huyo mgeni. Mangungo akatia alama yake. Kumbe karatasi ile ilikuwa inaitoa nchi yake pamoja na haki zake zote. Miezi mitatu baadaye, tarehe 27 Februari 1885, Kaisari wa Ujerumani alitoa hati ya kuziweka nchi zile chini ya ulinzi wake. Watoto wakisoma hayo hucheka. Wanauliza, mtu mzima aliwezaje kutia alama kwenye maneno asiyoyajua?

Mimi sioni cha kucheka. Mwaka baada ya mwaka naona watu wazima wenye kujua kusoma na kuandika wakitia dole gumba kwenye karatasi ya kuuza shamba, ya kuazima fedha, ya kupokea fidia au ya kukubali kuachishwa kazi, halafu wanakwenda kwa wakili mwaka wa pili yake kuuliza karatasi ile ilikuwa na maana gani. Mangungo ana udhuru mbele ya Mungu na mbele ya wanadamu: hakuwa na mtu wa upande wake wa kumwuliza. Sisi tunaye, ila tunamwendea maji yakiwa yamekwisha kumwagika.

Wapo wazee watakaonijibu kwa usemi kwamba haki ya mtu haipotei. Nawaheshimu wazee wangu, lakini katika mambo ya mahakama usemi huo umewaponza wengi. Haki ya mtu hupotea, tena hupotea kwa kuhesabiwa siku. Mtu akiingiliwa katika ardhi yake, sheria ya ukomo wa muda inampa miaka 12 ya kuidai. Ikipita, mlango umefungwa. Madai ya mkataba yana miaka 6. Mfanyakazi wa shamba la miwa au wa kiwanda aliyeachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 tu za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Aliyeshindwa katika Mahakama ya Mwanzo ana siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya. Aliyeshindwa katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya ana siku 45 za kwenda Mahakama Kuu. Siku hizo hazimngojei mtu avune, wala hazisimami kwa kuwa kuna msiba. Ni kweli mahakama yaweza kuongeza muda pakiwa na sababu ya kutosha, lakini kusema "sikujua sheria" hakuhesabiwi kuwa sababu.

Kwa hiyo swali la kwanza la kumwuliza wakili si kama tutashinda. Swali la kwanza ni hili: nimebakiwa na siku ngapi? Nami sijaona mtu wa kwetu akilianza hilo.

Sasa tuje kwenye huyo wakili mwenyewe. Sisi tunatafuta wakili mkali. Ukali wake tunaupima kwa sauti yake, kwa gari lake, kwa namna anavyomtolea macho karani. Wengine humpima kwa wingi wa watu waliopanga foleni nje ya ofisi yake, kama tunavyowapima waganga. Hivyo sivyo vipimo. Wakili anayetufaa ni mzoefu, na uzoefu lazima uulizwe: mzoefu wa jambo gani? Mtu aweza kuwa bingwa wa kesi za jinai miaka 20 na asijue njia ya kesi ya shamba la kijiji. Fundi wa kuezeka nyumba humpi kushona suti, hata kama ni fundi hodari kiasi gani.

Nitatoa mifano miwili ya huku kwetu. Wavidunda, kama jirani zetu Wasagara, Wakaguru na Waluguru, tangu zamani tumehesabu ukoo upande wa mama. Shamba la ukoo kwetu halikwenda tu kutoka kwa baba hadi kwa mwanawe. Mjomba alikuwa na neno, na wapwa walikuwa na haki. Sasa, Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963, ambalo mawakili wengi hulishika katika mambo ya urithi, liliandikwa kwa ajili ya makabila yanayofuata upande wa baba. Wakili asiyejua hilo atakuja kukutetea kwa mila ya watu wengine, na mpinzani wako akiwa na wakili anayejua, utafundishwa mila yako mbele ya hakimu, ukiwa upande wa kushindwa.

Mfano wa pili. Mtu amenyang'anywa shamba na Halmashauri ya Kijiji. Anapata wakili kijana mwenye haraka, wanafungua kesi upesi katika Baraza la Ardhi. Siku ya kusikilizwa linatolewa pingamizi la awali, na kesi inaondolewa kabla ya shahidi hata mmoja kusimama. Kwa nini? Kwa sababu tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2020, anayetaka kushitaki kijiji au halmashauri ni lazima kwanza atoe notisi ya siku 90, kisha amuunganishe Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na kesi yenyewe ifunguliwe Mahakama Kuu. Mwananchi yule shamba ni lake, mashahidi anao, na jasho lake limo mle shambani. Ameanguka kwa kugonga mlango usio wake. Wakili mzoefu wa mambo ya ardhi angeliona shimo hilo kabla hajashika kalamu.

Tena tusidhani kila mwenye tai na muhuri ni wakili. Wapo vishoka, tena ni wengi. Hukaa karibu na mahakama, hukuandikia karatasi kwa maneno mazito, na karatasi hiyo ndiyo inayokuja kukuua. Wakili wa kweli jina lake limo katika orodha ya mawakili inayotunzwa na Mahakama Kuu, na ana cheti cha kufanyia kazi kinachohuishwa kila mwaka. Siku hizi orodha hiyo hutazamwa hata kwenye simu. Mwenye simu ndogo kama yangu amwombe kijana wake amtazamie. Kumwomba wakili akuonyeshe cheti cha mwaka huu si utovu wa adabu. Ukipanda basi si unaonyeshwa tiketi? Anayekasirika kwa swali hilo amekwisha kukujibu.

Ninajua mawakili watafurahi hadi hapa. Wasifurahi sana, maana zamu yao inakuja. Lakini kwanza nimalize ya kwetu.

Jambo linaloniudhi kuliko yote ni jinsi tunavyokwenda mikono mitupu. Mtu hutoka mlimani alfajiri, akateremka kwa miguu hadi Kidodi, akapanda gari hadi Mikumi, akapanda jingine hadi Morogoro, kilomita zipatazo 120 kutoka Mikumi. Anafika mchana, amechoka, ana njaa. Wakili anamwuliza: karatasi ya kununulia shamba iko wapi? Iko nyumbani, kwenye sanduku. Ulinunua mwaka gani? Ule mwaka wa mafuriko. Mpaka wa kaskazini ni nani? Ni yule bwana wa karibu na mwembe. Sasa wakili afanye nini na mwembe? Anamwambia arudi wiki ijayo na karatasi. Nauli imekwenda, siku zimekwenda, na mtu anarudi akilalamika kwamba mawakili ni wasumbufu.

Ndugu msomaji, mkutano wa kwanza na wakili ni kazi yako kabla haujawa kazi yake. Kaa chini usiku mmoja, wewe na daftari la shule la mtoto, uandike mambo yalivyotokea, moja baada ya jingine, tangu mwanzo hadi jana. Usiandike hasira yako. Andika nani alifanya nini, wapi, lini, mbele ya nani. Kurasa mbili zatosha. Asiyejua kuandika amwite mjukuu. Kama tarehe huikumbuki, itafute kwa matukio tunayoyajua sote. Baba yako alihamishwa hapo mwaka wa Operesheni Vijiji? Hiyo ni miaka ya 1970, zaidi mwaka 1974. Ulinunua mwaka wa mvua za El Nino? Hiyo ni 1997 kuingia 1998. Ugomvi ulianza wakati Kilosa ilipofurika na watu wakalala kwenye mahema? Hiyo ni Desemba 2009 na Januari 2010. Hapo ndipo wakili atakapoweza kuhesabu ile miaka 12 niliyoitaja. "Mwaka wa mafuriko" kwetu ni zaidi ya mmoja, na tofauti kati yao yaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya mwenye shamba na asiye na shamba.

Kisha kusanya karatasi zote, hata zile unazodhani hazina maana: mkataba wa mauziano, hati ya kimila kama unayo, muhtasari wa kikao cha kijiji, stakabadhi, barua ya mtendaji, hukumu yoyote iliyokwisha kutolewa, barua ya kazi, hati za mishahara. Zipange kwa tarehe. Toa nakala, uache nakala kwa wakili na uondoke na zile halisi. Kama ni lazima aziweke, akuandikie kwamba amezipokea, aorodheshe moja moja na kutia sahihi. Mtu asiyethubutu kumwachia jirani jembe bila shahidi anawezaje kumwachia mtu wa mjini hati ya shamba bila hata kipande cha karatasi?

Na shamba lenyewe ulijue kama unavyojua kiganja chako. Sheria ya mwenendo wa madai inataka ardhi inayogombewa ielezwe kiasi cha kuweza kutambulika. Kwa hiyo andika kijiji na kitongoji, ukubwa wake, na jirani wa kila upande kwa majina yao kamili. Chora hata ramani ya mkono. Andika majina ya mashahidi na mahali wanapopatikana, na mbele ya kila jina uandike aliona nini kwa macho yake. Shahidi anayesema "nilisikia" ni shahidi wa kilabuni.

Mwisho wa daftari andika jambo moja ambalo watu husahau kabisa: unataka nini? Unataka shamba lirudi? Unataka fidia? Unataka jirani aache kuingiza mifugo? Au unataka tu yule bwana aaibike mbele ya kijiji? La mwisho hilo mahakama haiuzi. Kama ndilo unalolitaka, bakia na mbuzi wako.

Sasa naja kwenye ukweli, na hapa najua nitawachoma wengi. Tunawaficha mawakili wetu. Tunawaambia yale yanayotupendeza na kuyaacha yale yanayotuaibisha: kwamba tulipokea malipo ya awali, kwamba tulitia sahihi, kwamba shamba tuliliuza mara mbili, kwamba kuna kesi ya zamani tuliyoshindwa. Tunadhani tukimweleza wakili hayo atatudharau au atamwambia mwingine. Sheria ya ushahidi yenyewe inamfunga mdomo: aliyoambiwa na mteja wake katika kazi hiyo hawezi kuyatoa bila ridhaa ya mteja, isipokuwa kama mteja anamtumia ili kutenda uovu. Sasa kwa nini umfiche mtu aliyefungwa mdomo kwa ajili yako? Adui yako anayajua hayo yote, naye hatayaficha. Atayatoa siku ya kusikilizwa, hadharani, na wakili wako atabaki ameduwaa kama mtu aliyemwagiwa maji. Mficha maradhi kifo humfichua. Na mficha habari, hukumu humfichua.

Kwa sababu hiyo hiyo, tuache kwenda kwa wakili kama tunaokwenda posa. Mjomba, shangazi, mwenyekiti wa kitongoji na vijana wawili, wote wanaingia, wote wanasema. Heshima ya mjomba kwetu ni kubwa na wala siipunguzi. Lakini mbele ya mjomba wewe hutasema lile la aibu. Tena, kama mjomba ni shahidi, yafaa aseme aliyoyaona yeye, si aliyoyasikia kwako ukiyasimulia mbele ya wakili. Akae nje kwenye benchi, aletewe chai, aitwe kwa zamu yake.

Na fedha je? Hapa tuna ugonjwa wa ajabu. Tukinunua debe la maharage tunabishana mpaka jua linachwa, lakini kwa wakili tunaona haya kuuliza bei. Uliza! Uliza ada ya mashauriano ya leo ni kiasi gani. Uliza ada ya kesi nzima ni kiasi gani, inalipwa kwa mafungu mangapi, na kama inajumuisha rufaa au la. Uliza gharama nyingine: ada za mahakama, nauli ya wakili, nakala. Uliza ni nani atakayesimama mahakamani, yeye mwenyewe au kijana wake. Kisha makubaliano hayo yaandikwe, na kila shilingi unayotoa ipewe stakabadhi. Ipo Amri ya Malipo ya Mawakili ya mwaka 2015 inayoongoza mambo ya ada. Wakili si mfalme wa kujipangia kodi. Ukiona haya kuuliza siku ya kwanza, utalia siku ya tano.

Sasa zamu ya waheshimiwa.

Nilipata kumsindikiza mama yangu mdogo kwa wakili mmoja ambaye simtaji. Mama alikuwa na karatasi zake zote katika mfuko wa nailoni, amezipanga vizuri. Bwana yule hakuzifungua. Alizungumza na simu, akazungumza na simu tena, halafu akamwambia, "Mama, hiyo kesi tumekwisha shinda, leta fedha ya kuanzia." Mama yangu mdogo hakusoma sana, lakini ni mwanamke mwenye akili. Alisimama, akachukua mfuko wake, akasema, "Baba, kama tumekwisha shinda, fedha ni za nini?" Tukatoka. Wakili wa pili tuliyemwendea alisoma karatasi zile moja moja kwa muda mrefu. Aliuliza maswali mpaka mama akachoka. Mwisho akamwonyesha mahali palipo na ubovu: karatasi yake ya kununulia shamba haikuwa na muhtasari wowote wa kuonyesha kwamba Halmashauri ya Kijiji iliidhinisha mauzo. Tangu miaka ya 1980 mpaka miaka yetu hii Mahakama ya Rufani imekuwa ikisema kwamba kuuza ardhi ya kijiji bila idhini hiyo ni kazi bure. Akamwambia aende kwanza ofisi ya kijiji kutafuta muhtasari wa mwaka ule, na asifungue kesi yoyote kabla ya hapo. Muhtasari ulipatikana, na jambo likaishia kwenye usuluhishi wa Baraza la Kata. Huyo wa pili hakuahidi ushindi hata mara moja. Ndiyo maana nasema: wakili anayekuahidi kushinda siku ya kwanza anauza kitu ambacho si chake.

Mawakili wa namna ile ya kwanza wanapenda tuje kama kwa mganga. Mteja asiyejua kitu hana swali, na asiye na swali hasumbui. Wanatuambia kwamba mambo ya sheria ni mazito, ni ya Kiingereza, hatutaelewa. Maneno hayo yalikwisha wakati wake. Mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria, Kiswahili kikafanywa lugha ya sheria na ya mahakama. Basi wakili na akueleze kwa Kiswahili anachokusudia kufanya, na akusomee hati ya madai kabla hujatia sahihi. Usitie sahihi kwenye karatasi nyeupe, hata kama umeambiwa ni kwa ajili ya kuokoa nauli. Na akikudhulumu, lipo la kufanya: Chama cha Wanasheria Tanganyika kipo tangu 1954, na ipo Kamati ya Mawakili yenye mamlaka ya kumwadhibu wakili, hata kumfuta katika orodha. Lakini kamati nayo itakuuliza: stakabadhi iko wapi? Makubaliano yako wapi? Tumerudi pale pale kwenye mfuko wa karatasi.

Najua lililobaki. Utaniambia: ndugu, haya ni ya wenye fedha, sisi tuna jembe tu. Hapana. Haya ni ya maskini kuliko ya mtu mwingine yeyote. Tajiri akisahau karatasi humtuma dereva. Maskini akisahau karatasi huuza mbuzi wa pili. Kuandika kurasa mbili hakuna ada. Kupanga karatasi kwa tarehe hakuna ada. Kusema kweli hakuna ada. Tena ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, inayompa asiye na uwezo njia ya kupata msaada bila malipo, na kuwatambua wasaidizi wa kisheria. Msaidizi wa kisheria si wakili na hawezi kukusimamia mahakamani, lakini aweza kukusaidia kuandika daftari lako na kukuonyesha mlango ulio sahihi. Mwaka 2023 ilianzishwa Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, wanasheria wakafika vijijini. Hilo ni jema, nalipongeza. Lakini naiambia serikali pia kwamba kampeni hupita kama mvua za vuli. Mtu wa mlimani anahitaji kisima. Mpaka kisima hicho kichimbwe, yule anayekwenda kwenye kampeni akiwa na daftari lake ataondoka na jibu, na yule anayekwenda na hadithi ndefu ataondoka na pole.

Wengine husema kwamba kwenda kwa wakili ni kutafuta ugomvi, na kwamba sisi ni watu wa kuelewana. Nami napenda kuelewana. Sheria yenyewe imeelekea huko: tangu 2021 Baraza la Kata halitoi tena hukumu katika migogoro ya ardhi, kazi yake ni kusuluhisha. Lakini mtu anayekwenda kwenye usuluhishi bila kujua haki yake ni ipi hasuluhishwi. Ananyang'anywa kwa upole. Kumwuliza wakili mapema kabla ya kukaa na jirani ndiko kunakomwezesha mtu kujua ni kipi anachokiachia kwa hiari na kipi anachoibiwa. Kwa kweli mawakili bora niliowaona ni wale waliomwambia mtu, "Usishitaki, nenda mkae."

Basi na tuache kuwafanya mawakili waganga, na wao waache kuuvaa uganga huo. Wakili ni fundi. Fundi seremala hata awe mzoefu namna gani hawezi kukutengenezea meza ukimletea majani, mletee mbao. Mbao za kesi ni karatasi zako, tarehe zako, mashahidi wako, na ukweli wako wote, pamoja na ule unaouma. Daftari la kurasa chache linauzwa katika kila duka la kijiji, kuanzia Mikumi hadi mlimani kwetu. Linunue kabla kesi haijaja, uanze kuandika leo: shamba hili nilipewa na nani, lini, mbele ya nani. Mtoto wako atakushukuru siku ambayo wewe hutakuwapo kumjibia.